Kompyuta Isiyotaka Kuzimika: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua tatu kati ya zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinalalamikia jambo moja, yaani kompyuta inayofanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha ikagoma pale inapoagizwa kuzimika. Tumeziweka pamoja, ijapokuwa kila moja ina chanzo chake, na ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu mwenye barua alikuwa karibu kuingia gharama isiyo ya lazima.

SWALI

Ndugu Mwandishi, salamu nyingi. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, ambako kazi yangu kubwa ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia watu maombi ya vyuo na ajira mtandaoni. Kompyuta ninayotumia ni ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika, na ina Windows 10. Kwa miezi kadhaa sasa, kila nikiizima jioni inaandika kwamba inazimika, vidoti vinazunguka, halafu inabaki hivyohivyo. Nimewahi kuiacha zaidi ya nusu saa huku nikipiga hesabu za siku, nikaikuta palepale. Huwa naishia kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikatike, na nikiwa na haraka nachomoa waya ukutani. Asubuhi inachelewa kuwaka, na mara nyingine inaanza kwa kukagua diski. Fundi wa jirani alinipigia windo upya, yaani aliiweka Windows upya, ikatulia kwa majuma mawili, kisha ikarudia tabia yake. Sasa amefungua sehemu inayoandika makosa ya kompyuta, akanionyesha alama nyekundu nyingi, na anasema bodi ndiyo mbovu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha nyingine.

Msomaji, Morogoro

JIBU

Ndugu msomaji, fedha ya bodi ikae mfukoni kwanza. Bodi mbovu haichagui saa ya kuleta vituko: kompyuta hujizima katikati ya kazi, hukataa kuwaka, au hujiwasha upya bila kuguswa. Kompyuta inayokuchapia kazi tangu asubuhi hadi jioni, kisha ikakwama pale tu unapoizima, kwa kawaida kuna kitu kimoja inachokingoja, na kinachotakiwa ni kukijua kitu hicho. Kupiga windo upya hakukukitafuta. Kuliondoa programu zako zote kwa mkupuo, nzuri na mbaya, na hakukugusa hata kifaa kimoja kilichochomekwa nyuma ya kompyuta.

Ili tuelewane, inafaa ujue kinachoendelea baada ya kubofya "Shut down". Windows haikati umeme papo hapo. Kwanza huzitaarifu programu zote zilizo wazi kwamba muda umekwisha, na programu isiyoitika ndani ya sekunde 5 huhesabiwa kuwa imekwama. Hapo ndipo hutokea ule ukurasa wenye orodha ya programu zinazozuia, pamoja na kitufe cha kuzifunga kwa lazima. Ikishamtoa mtumiaji, huzigeukia huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila kuwa na dirisha, kama vile antivairasi na ile inayosimamia foleni ya printa. Tangu Windows 8, huduma ya kawaida hupewa sekunde 5 tu za kumaliza shughuli zake. Mwisho kabisa, Windows huandika kwenye diski kila data iliyokuwa bado imeshikwa kwenye kumbukumbu, huziagiza draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, zivipumzishe vifaa vinavyozihusu, na baada ya hapo ndipo amri ya kukata umeme hutolewa.

Sasa itazame barua yako kwa jicho hilo. Umeshavuka hatua ya programu, kwa sababu huoni orodha ya programu zinazozuia. Huduma ya kawaida haiwezi kukukalisha nusu saa, maana muda wake ni mfupi mno. Inabaki hatua ya mwisho, ya diski na draiva. Hata hapo kuna jambo la kuzingatia: draiva ikishindwa kutekeleza agizo la umeme, Windows huivumilia kwa dakika 10, kisha husimamisha kila kitu na kuonyesha kioo cha buluu chenye maneno DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Wewe umengoja zaidi ya dakika hizo na kioo cha buluu hukukiona. Hilo lilinifanya niishuku diski kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo sababu nilikuandikia kukuomba uniangalizie mambo matatu kabla ya kukujibu hapa.

Jambo la kwanza lilikuwa kubonyeza kitufe cha Caps Lock wakati kompyuta imekwama, uone kama taa yake inawaka na kuzima. La pili lilikuwa kuangalia taa za diski, ile ya kwenye CPU, yaani kasha la kompyuta, na ya diski nyingine yoyote iliyounganishwa. La tatu lilikuwa kutoa vifaa vyote vya USB kabla ya kuzima, isipokuwa kibodi na mausi, kisha kuvirudisha kimoja kimoja katika siku zilizofuata. Ulijibu kwamba taa ya Caps Lock iliitika vizuri, maana yake moyo wa mfumo ulikuwa hai na kilichokuwapo ni kungoja. Taa ya kwenye CPU ilikuwa imetulia. Lakini diski ya nje iliyolala nyuma ya printa, ambayo unawekea nakala za kazi za wateja, iliendelea kupepesa taa yake, na ulipoisogelea ukasikia mlio wa kugonga, ukikoma kidogo na kuanza tena. Ulipoiondoa, kompyuta ilizimika kwa muda usiofika dakika moja. Kisha ukaongeza jambo ambalo halikuwamo katika barua ya kwanza: baada ya kupigiwa windo, diski hiyo ilikaa nyumbani kwa majuma mawili. Nadhani mwenyewe umeshaona ni windo jipya au ni kukosekana kwa diski kulikokuletea nafuu.

Kinachotokea ni hiki. Windows haiwezi kuzimika huku ikiwa na data ambayo haijaandikwa mahali pake, kwa hiyo inaiomba diski ipokee maandishi yaliyobaki. Diski iliyochoka hujaribu, hushindwa, hujaribu tena sehemu ileile, na kwa kawaida mfumo huweza kuingoja hadi sekunde 60 kwa ombi moja kabla ya kukata tamaa na kulirudia. Maombi yakiwa mengi, sekunde hizo hujumlishwa zikawa nusu saa bila shida. Ni sawa na basi lisiloondoka stendi kwa sababu abiria mmoja ameshuka kununua maji: injini ni nzima, dereva yupo, lakini safari haianzi.

Usikimbilie kuitupa diski hiyo, wala usikimbilie kuitengeneza. Kitu cha kwanza ni kunakili kazi zako zote kutoka humo na kuziweka penye usalama, ukianza na zile usizoweza kuzipata upya. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mafundi wengi huanza na amri ya kukagua na kurekebisha diski, na diski inayokufa inapolazimishwa kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho inaweza kufia hapohapo kabla hujaokoa chochote. Ukishanakili, badilisha waya wake wa USB na uichomeke moja kwa moja kwenye tundu la nyuma ya CPU, bila kupitia kigawanyio. Diski ndogo za nje hazina adapta yake ya umeme, zinategemea umeme wa tundu la USB peke yake, ambao kwa kiwango cha USB 2.0 ni miliampia 500 na kwa USB 3.0 ni 900. Waya uliochakaa au tundu la mbele lililolegea hupunguza umeme huo, na diski nzima kabisa inaweza kugonga kana kwamba imekufa. Kama mlio unaendelea hata baada ya mabadiliko hayo, fungua programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uone taarifa ambazo diski imejiandikia yenyewe. Mstari wenye alama C5 unahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazitilia shaka, na ule wa 05 unahesabu zile ilizokwisha kuzihamisha. Namba hizo zikiwa zinaongezeka kila juma, nunua diski nyingine. Hii isiwekewe tena kazi ya mteja.

Nirudi kwa zile alama nyekundu alizokuonyesha fundi wako. Huenda alichokiona ni tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power, ambalo limewapotosha watu wengi. Tukio hilo linasema jambo moja tu, kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu mara ya mwisho. Kila ulipochomoa waya ukutani uliliandika wewe mwenyewe, pamoja na mwenzake namba 6008. Kuhukumu bodi kwa ushahidi huo ni kumhukumu mtu kwa jambo lililofanywa na mwingine.

Ushahidi wa maana upo ndani ya programu hiyohiyo, ila umefichwa mbali. Ukifungua Event Viewer, nenda kwenye "Applications and Services Logs", kisha Microsoft, kisha Windows, kisha "Diagnostics-Performance", na mwisho "Operational". Humo tukio namba 200 hueleza kompyuta ilitumia muda gani kuzimika, kwa hesabu ya milisekunde, na yale ya 201 hadi 203 hutaja kwa jina programu, kifaa au huduma iliyochelewesha. Lakini uzimaji uliokatizwa kwa kuchomoa waya hauandikwi humo. Inabidi uwe na subira mara moja, uache kompyuta imalize yenyewe hata kwa kuchelewa, ndipo upate jina.

Kwa kuwa una duka la steshenari, nikutajie chanzo kingine ambacho wenzako wa kazi hii hukutana nacho mara kwa mara, ingawa kwa upande wako hakikuwa chenyewe. Mteja anatuma kurasa kwenye printa, karatasi inakwama, kazi inafutwa nusunusu, na foleni inabaki na kitu kinachoandika "Deleting" siku nzima. Foleni ya namna hiyo huwaudhi watu asubuhi kwenye kuchapa na jioni kwenye kuzima. Tiba yake ni kufungua orodha ya huduma, kuisimamisha ile inayoitwa Print Spooler, kufuta faili zote zilizomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha kuiwasha huduma tena. Folda yenyewe isifutwe, bali vilivyomo ndani yake tu.

Kuna pia madhara yanayoletwa na programu zinazojinadi kuwa zinaongeza kasi ya kompyuta. Baadhi yake huwasha mpangilio unaoitwa ClearPageFileAtShutdown, ambao huilazimisha Windows ifute faili la kumbukumbu ya ziada kila inapozimika, kwa kuliandika sifuri tupu mwanzo hadi mwisho. Faili la gigabaiti 8 kwenye diski ya kuzunguka inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde linachukua sekunde 80 kufutwa, na diski ikiwa nzee muda unaongezeka. Mpangilio huo una maana kwa ofisi zenye siri nzito. Kwa duka la kopi hauna faida. Programu nyingine za aina hiyo hupunguza muda ambao Windows huzipa huduma, na hizo nazichukia zaidi, kwa sababu huficha tatizo kwa kuzikatisha huduma kabla hazijamaliza kuandika. Vilevile, antivairasi mbili hazikai kwenye kompyuta moja, na windo lililowashwa kwa programu ya kukwepa leseni lina huduma zake za siri ambazo hakuna anayejua zinangoja nini.

Jambo la mwisho kwako ni namna ya kuzima kwa lazima. Kushikilia kitufe kwa zaidi ya sekunde 4 na kuchomoa waya ni mamoja kwa upande wa faili: vyote viwili hukata kazi katikati. Mfumo wa NTFS, ambao Windows huutumia kupanga faili kwenye diski, huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa diski, na ndiyo maana kompyuta yako bado inawaka baada ya misukosuko yote hiyo, lakini kumbukumbu hiyo hailindi maandishi yaliyomo ndani ya faili ambalo lilikuwa bado linahifadhiwa. Ikibidi, ngoja kama dakika 15, ili ile subira ya dakika 10 ya Windows yenyewe iwe imepita, uhakikishe taa za diski zimetulia, ndipo ushikilie kitufe. Hali pekee ambayo nakusihi usiikatishe ni pale kioo kinapoandika kwamba masasisho yanawekwa na kompyuta isizimwe. Kwenye diski ya kuzunguka, kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima na asilimia ikaonekana imesimama, kwa hiyo siku ya masasisho hakikisha kwanza kwamba LUKU ina uniti za kutosha.

Kwa kuwa umeshaikatisha mara nyingi, diski ya ndani nayo inastahili kukaguliwa, baada ya kunakili vilivyomo. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike chkdsk C: /f, ukubali ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowaka tena. Ukiisha, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, kisha sfc /scannow. Amri hizi mbili hurudisha faili za Windows zilizoharibika bila kugusa kazi zako. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, siku utakapoamua kupiga windo tena, uamuzi huo uende pamoja na kufikiria kama kompyuta yako inaweza kubeba Windows 11, hasa kwa vile unashika nywila na vyeti vya watu.

SWALI

Mwandishi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga na ninatumia kompyuta mpakato yenye Windows 11. Nikiizima, kioo kinakuwa cheusi kama kawaida, lakini taa ya kitufe inabaki imewaka na feni inaendelea kuzunguka. Nisipoangalia naiingiza kwenye mkoba, na nikifika nyumbani naikuta ina joto kali na chaji imekwisha. Nikichagua "Restart" inazima na kuwaka tena bila tatizo. Je, betri imeharibika?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu. Betri yako haihusiki, na sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyobeba jibu.

Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, "Shut down" na "Restart" hazifanyi kazi moja. Ukichagua kuwasha upya, mfumo mzima hufungwa na kuanza mwanzo. Ukichagua kuzima, Windows hufunga programu zako na kukutoa, lakini kiini chake pamoja na hali ya draiva hakifungwi: huandikwa kwenye faili liitwalo hiberfil.sys, ili kesho kompyuta iwake haraka kwa kulisoma faili hilo. Utaratibu huo unaitwa Fast Startup. Draiva ambayo haijui kulala na kuamka vizuri haisumbui wakati wa kuwasha upya, ila husumbua hapo kwenye kuzima.

Thibitisha kwanza. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Shut down", na kompyuta itazimika kikamilifu bila kupitia utaratibu huo. Ikizimika, taa ikafa na feni ikanyamaza, mkosaji umempata. Fungua "Control Panel", nenda "Power Options", kisha sehemu ya kuchagua kazi ya vitufe vya umeme, ubofye maandishi ya kubadilisha mipangilio isiyopatikana kwa sasa, ndipo uondoe alama kwenye Fast Startup na kuhifadhi. Kama sehemu hiyo haionekani, amri ya powercfg /h off katika dirisha la msimamizi hufanya kazi hiyohiyo, ila huondoa pia uwezo wa kompyuta kulala kwa kujiandika kwenye diski. Kuwaka kutachelewa kidogo, na kama una SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, huenda usione tofauti yoyote.

Isipozimika hata kwa Shift, basi tatizo ni hatua ya mwisho kabisa, ambapo Windows imemaliza mambo yake na amri ya kukata umeme haitekelezwi. Walioanza kompyuta zamani watakumbuka Windows 95 ikiandika kwa rangi ya machungwa kwamba sasa ni salama kuzima, kisha mtu ananyoosha mkono kubonyeza swichi, kwa sababu kompyuta nyingi za wakati ule hazikuwa na njia ya kujikatia umeme. Muundo wa bodi na pawasaplai uitwao ATX wa mwaka 1995 na kanuni za usimamizi wa umeme ziitwazo ACPI za mwaka 1996 ndivyo vilivyoikabidhi programu kazi hiyo, na ugomvi ukaanza papo hapo: Windows 98 toleo la pili, la mwaka 1999, ilisumbua kuzimika kiasi kwamba Microsoft ililazimika kutoa kiraka maalumu kwa ajili ya jambo hilo peke yake.

Kwa kompyuta mpakato za sasa, ugomvi huo husuluhishwa kwa kuweka draiva zinazotolewa na kampuni iliyotengeneza kompyuta, si zile zilizokusanywa na programu za kutafuta draiva zenyewe. Anza na draiva za chipseti, yaani chipu za bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, na kama prosesa yako ni ya Intel, angalia hasa ile ya Intel Management Engine Interface, ambayo imewahi kuleta dalili hii hasa, kioo cheusi na feni inayozunguka, kwenye kompyuta nyingi zilizohamia Windows 10. Fuatisha ya kioo na ya Wi-Fi. BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, isasishwe mwishoni, ikibidi, chaja ikiwa imechomekwa na betri ikiwa na chaji, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kompyuta inaweza isiwake tena. Mpaka hapo utakapomaliza, usiiweke kwenye mkoba kabla taa haijazima. Joto la feni iliyozibwa na kitambaa linaiumiza betri kwa kweli, na hapo swali lako la betri litapata jibu jingine.

SWALI

Hujambo Mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nakuru na ninatumia Ubuntu. Siku nyingine ikizimika inaleta maandishi meupe yanayosema "A stop job is running" na saa inayohesabu hadi dakika moja na nusu. Nifanye nini?

Mwanafunzi, Nakuru

JIBU

Sijambo. Hapo una bahati kuliko wenzako wawili, kwa sababu mfumo wako unakutajia mshukiwa kwa jina. Programu ya systemd, ambayo husimamia huduma katika Ubuntu, huipa kila huduma sekunde 90 za kujifunga kabla ya kuiua, na hiyo ndiyo dakika moja na nusu unayoiona. Soma maneno yanayofuata baada ya "for", maana hilo ndilo jina. Kama yamepita haraka, ukiwasha tena andika journalctl -b -1 -e, upate kumbukumbu za mwisho za uwashaji uliotangulia. Kwa wanafunzi, mara nyingi huwa ni folda ya mtandao wa chuo iliyounganishwa, ambayo haiwezi kufungwa kwa kuwa Wi-Fi imeshakatwa. Ifunge mwenyewe kabla ya kuzima.

Utaona watu wakishauri kupunguza sekunde 90 ziwe 10 kwa kubadilisha DefaultTimeoutStopSec katika faili la /etc/systemd/system.conf. Kwa kompyuta ya kusomea sioni ubaya. Ukiwa na hifadhidata ya mradi humo, acha kama ilivyo, kwa sababu hifadhidata huhitaji muda wa kuandika.

Na ikitokea imekwama kabisa bila saa yoyote kuhesabu, shikilia Alt na Print Screen, kisha ubonyeze S, U na O kwa mfuatano, ukiacha sekunde chache kati ya herufi na herufi. S huandika data iliyobaki kwenye diski, U huzifanya diski ziwe za kusomwa tu, na O hukata umeme. Mipangilio ya kawaida ya Ubuntu inaziruhusu herufi hizo tatu. Kwenye kompyuta mpakato ambayo Print Screen imeungana na kitufe kingine, huenda ukalazimika kushikilia na Fn pia.